Gari la Isidori na Chama cha Kukwamuana

Isidori Bura wa Endasak alikuwa na wapenzi wawili, na kila mmoja alimjua mwenzake. Wa kwanza alikuwa Agatha, fundi cherehani wa Tlawi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Wa pili alikuwa Landrova. Ukimuuliza Isidori ni yupi aliyetangulia, angekujibu bila haya kwamba ni Landrova, maana ndiyo iliyompeleka Tlawi.

Landrova hiyo alianza kuiendesha akiwa kijana wa ushirika, enzi zile gari likiwa moja tarafa nzima na dereva akiheshimiwa kuliko mwalimu mkuu. Ushirika ukafilisika, mali zake zikanadiwa, na Isidori akainunua Landrova kwa kiinua mgongo chake chote. Ufunguo wake aliufunga kwa kamba ya katani akauvaa shingoni. Alioga nao, alilala nao, na Jumapili alipokea komunyo akiwa nao. Alibeba wagonjwa wa kwenda Haydom, maharage ya kwenda Babati, na watu wa mnada wa Katesh pamoja na mbuzi wao. Kuna siku mbuzi walikaa mbele na wenyewe wakakaa nyuma, kwa sababu mbuzi hawakuwa wamelewa.

Na ufundi alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Tangi likitoboka, alitoa kipande cha sabuni ya mche akaziba. Difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ikianza kulia, aliilisha ndizi mbivu pamoja na maganda, ikanyamaza mpaka Dareda. Tyubu ikipasuka naye hana nyingine, alishindilia majani makavu ndani ya tairi akaendelea na safari, abiria wakirukaruka nyuma kama bisi kwenye sufuria. Aliwaambia wasilalamike, wamelipia kufika na watafika.

Juu ya ufundi wote huo ilikaa sheria moja aliyofundishwa ujanani: dereva haachi gari njiani. Katika ushirika kulikuwa na dereva aliyeliacha lori kwa usiku mmoja tu, akarudi akalikuta limekaa juu ya mawe, halina tairi, halina betri, halina hata honi. Isidori hakuisahau picha ile. Wakati fulani alikwama tambarare za Basotu akalala chini ya gari siku nne, akitafuna mahindi mabichi ya mzigo, na magari mawili yalipompa lifti aliyakataa kwa heshima zote.

Sheria hiyo ndiyo iliyotaka kumkosesha mke. Siku ya kupeleka mahari aliwapakia wazee wake, springi ikakatika kabla ya Dongobesh. Wazee walidandia lori la mbao wakafika Tlawi, wakapokelewa vizuri, wakanywa, wakaimba, wakalala. Mwenye kuoa alikuwa chini ya Landrova na spana mkononi. Mara ya pili ilikuwa siku ya kwenda kwa Padre kuandikisha ndoa. Padre na Agatha walikaa ofisini wakiangaliana mpaka jioni, wakamaliza habari zote za mvua na za panya shambani, na Isidori hakutokea. Dereva wa lile lori la mbao alimpita tena siku hiyo, akamwita apande, akakataliwa kwa heshima zilezile.

Agatha hakupiga kelele. Alimwita pembeni akamwambia, "Angekuwa mwanamke mwenzangu ningeshindana naye. Chuma nitakishindaje?"

Isidori akaanza kueleza habari za springi.

"Ngoja nimalize," Agatha akasema. "Padre ametupa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Baada ya hapo ni Kwaresima, hakuna ndoa mpaka Pasaka. Dada yangu amenipatia kazi ya kushona Arusha, wananingoja. Jumamosi ikipita bila wewe, Jumatatu mimi napanda basi. Sigombi, nakuarifu."

Kwa mtu anayemjua Agatha, neno "nakuarifu" lilitosha kumnyima usingizi. Isidori alirudi Endasak, akaifungua Landrova yote, akaisafisha kila skrubu, akaifunga tena. Zilibaki nati tatu ambazo hakujua zilitoka wapi, akazitia mfukoni.

Sasa miaka ile, mkoa wa Manyara ukiwa ndio kwanza umezaliwa, barabara zilikuwa zimeanza kujaa magari. Kila aliyeuza madume mawili matatu alitafuta pikapu iliyotumika. Jambo zuri, ila lilikuja na lake. Zamani, gari likiwa moja, likikwama watu wote walishuka wakasukuma, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na namna nyingine ya kufika. Sasa kila dereva alikuwa akikimbilia abiria. Alikupita umekwama, akakupungia mkono, akakuachia vumbi lake.

Mzee Lameck Sulle wa Dongobesh, dereva wa lori kwa miaka thelathini, aliona hali hiyo ikamkera, akaanzisha Chama cha Kukwamuana. Kiingilio hakikuwa fedha. Kiingilio kilikuwa kusimama: ukimkuta mwanachama amekwama, unasimama, unashuka, unakaa naye mpaka mambo yake yaeleweke. Kila mwanachama alifunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni. Katibu alikuwa Zita, mfanyabiashara wa vitunguu saumu aliyeendesha pikapu yake mwenyewe, na katiba aliiandika kwa mkono wake katika daftari la shule, vifungu kumi na vinne.

Isidori alikicheka chama hicho kila alipopata nafasi, na kama hakupata aliitafuta. "Nikijiunga nitasimama mara mia kuwakwamua wenye magari mabovu, halafu mimi nikwamuliwe mara moja," alisema. "Faida iko wapi? Halafu kumsaidia mtu njiani ni utu. Tangu lini utu ukawa na katibu?"

Hili la pili lilikuwa na uzito. Mzee Lameck alimwambia tu, "Kinyozi hajinyoi, Isidori."

"Mimi najinyoa," Isidori akajibu, akainua kidevu kilichojaa makovu ya wembe.

Jumamosi ikafika. Asubuhi na mapema Landrova ilitoka Endasak imefungwa maua ya karatasi mpaka kwenye waipa. Isidori alivaa suti nyeusi ya kuazima, mikono mifupi kidogo lakini ukikunja viwiko hakuna anayejua. Kando yake alikaa msimamizi wake Yonas, na nyuma walijaa mashangazi, wakiongozwa na Shangazi Kornelia, mwanamke wa miaka sabini na sauti ya miaka ishirini. Waliimba kutoka nyumbani hadi Dareda. Mlima wa Dareda ukapandwa, Landrova ikihema lakini ikienda, na walipopita Dongobesh salama Isidori alijawa na furaha hadi akawa anapiga honi kuwasalimia ng'ombe. Misa ilikuwa saa nne. Saa tatu na nusu walikuwa wamebakiza vilima viwili.

Kwenye kilima cha kwanza, mahali barabara ilipokatwa ubavuni mwa mlima, huku ukuta wa udongo na huku mtaro mkubwa, gurudumu la mbele la kushoto liliaga. Halikupasuka, lilitoka. Isidori aliliona likimpita, likishuka mbele yake kwa adabu, likakunja kona lenyewe likapotea. Landrova ikainamisha pua chini, ikageuka kidogo, ikakaa katikati ya barabara. Mashangazi walikuwa kwenye kiitikio, wakakimalizia.

Isidori alishuka akapiga magoti. Hab, kile kitovu kinachoshika gurudumu, ilikuwa imepasuka vipande viwili. Alikuwa na sabuni, alikuwa na ndizi, alikuwa hata na zile nati tatu. Hakuna kilichofaa. Akafanya kile anachokijua: akavua koti, akaingia uvunguni.

Wa kwanza kutokea kwa nyuma alikuwa Mzee Lameck na lori lake. Akashuka, akatazama.

"Shikamoo Mzee," Isidori akasema kutoka uvunguni.

"Marahaba. Leo si ndiyo siku yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Mzee Lameck akaguna. Nyuma yake akafika Zita na pikapu imejaa vitunguu saumu, na nyuma ya Zita akafika Gidahosh wa Katesh na lori la ng'ombe. Vitambaa vyekundu vitatu vikawa vinapepea kwenye vioo. Zita alilifungua daftari. Kulikuwa na tatizo dogo, akasema. Kifungu cha saba: asiye mwanachama atakwamuliwa baada ya kikao cha dharura, akidi watu watano.

"Tuko watatu," Gidahosh akasema.

"Basi tungoje," Mzee Lameck akasema, akakaa juu ya jiwe.

Na kweli wakangoja. Msiwacheke. Watu waliolelewa kwenye vikao hawawezi kufanya jambo la maana bila akidi, na hakuna aliyekuwa na haraka zaidi ya Isidori, naye Isidori alikuwa uvunguni akitafuta namna ya kuifunga hab kwa waya. Saa nne ikapita. Akaja Margwe, mwanachama wa nne, na trekta. Saa nne na nusu likaja basi kutoka Haydom, limejaa watu waliotoka hospitalini wakirudi makwao, na dereva wake, Marko, alikuwa na kitambaa chekundu. Akidi ikatimia. Abiria wote wakashuka wakakaa kwenye majani kama wajumbe waalikwa wasio na kura.

"Ndugu wajumbe," Mzee Lameck akaanza, kofia mkononi, "kikao kina ajenda nne. Kufungua, kuthibitisha akidi, ombi la ndugu Bura, na mengineyo."

"Sijaomba," sauti ikatoka uvunguni.

"Katibu, andika kwamba ameomba."

Hapo sasa ukawa mjadala. Gidahosh alisema waivute kwa lori. Margwe akasema ikivutwa hivyo italima barabara mpaka Tlawi na atakayepanda viazi nyuma yake atavuna. Marko alitaka mtu atumwe Babati kununua hab, atarudi jioni. Mjumbe mwalikwa mmoja, mkono umefungwa plasta, aliomba kuchangia, akasema baba yake aliwahi kuona mkokoteni uliowekwa gogo badala ya gurudumu. Hoja ya gogo ilipokelewa vizuri sana. Isidori mwenyewe alitoka uvunguni, suruali ya kuazima imekuwa rangi ya udongo, akaipinga hoja ya gogo kitaalamu, akaleta ya minyororo. Ikajadiliwa minyororo. Zita alipanda juu ya magunia yake kutafuta mtandao, akainua simu juu kabisa, akampata katekista wa Tlawi kwa sekunde chache.

"Anasemaje?" watu wakauliza.

"Anasema Padre lazima aondoke saa saba, ana misa kigango kingine. Na bibi harusi amekaa kwenye ngazi za kanisa." Zita akasita. "Kisha ikakatika."

Ilikuwa saa sita. Isidori alisimama na mnyororo mkononi. Alimwona Agatha kwenye ngazi zile, na gauni alilolishona mwenyewe, amekaa wima kama anavyokaa kwenye cherehani. Alimpenda mwanamke yule mpaka mifupa ikamuuma. Akainama tena kwenye hab.

"Mengineyo," Mzee Lameck akasema kwa huzuni.

Shangazi Kornelia akanyanyua mkono. Alikuwa amekaa kimya saa mbili nzima, jambo ambalo ukoo wa Bura haukuwa umewahi kulishuhudia.

"Mwenyekiti, mimi magari siyajui," akasema. "Nauliza swali. Anayeoa leo ni nani, huyu mtoto au hili gari?"

"Ni Isidori, Shangazi," Zita akajibu.

"Miguu yake imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Kuna magari mangapi mazima hapa?"

Wakahesabu. Matano, na trekta likiwemo.

"Basi kwa nini mtoto wangu bado yuko hapa?"

Madereva watano wenye jumla ya miaka zaidi ya mia barabarani wakatazama viatu vyao. Walikuwa wamejadili namna ya kuifikisha Landrova Tlawi kwa njia nne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Padre haifungishi ndoa Landrova. Lilikuwa kosa la madereva. Mkulima wa kawaida asingelifanya.

Isidori akasema kwa sauti ndogo, "Dereva haachi gari njiani."

Na wale wote watano, aibu yao na yote, wakaitikia kwa vichwa.

"Mshika mawili moja humponyoka," Shangazi Kornelia akasema. "Chagua litakalokuponyoka."

Mzee Lameck alivaa kofia. Akamsogelea Isidori karibu. "Tulifundishwa na mzee mmoja, mimi na wewe," akasema. "Dereva haachi gari njiani peke yake. Likiwa na mtu, hajaliacha. Mimi nitakaa nalo."

"Na mimi," Gidahosh akasema. "Ng'ombe wanahitaji kushuka kupumzika."

"Mimi si mwanachama," Isidori akasema.

"Hilo tunalijua. Na Jumanne utatucheka tena. Toa ufunguo."

Fundo la ile kamba halikufunguka, lilikuwa limekuwa jiwe kwa jasho la miaka. Gidahosh akalikata kwa kisu. Ufunguo ukaingia mfuko wa Mzee Lameck, na Isidori akajihisi yuko uchi mbele ya watu.

Lakini bado. Pikapu ya Zita ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko magari yote, nayo kama mengine yote ilikuwa nyuma, na Landrova ilikuwa imekaa katikati ya barabara. Upande mmoja ukuta, upande mwingine mtaro. Wote waliliona hilo kwa pamoja, na hakuna aliyetaka kulisema. Mzee Lameck alitazama mawingu.

Isidori aliizunguka Landrova mara moja. Akang'oa ua moja la karatasi lililokuwa limelegea kwenye waipa, akalirudisha vizuri mahali pake.

"Isukumeni mtaroni," akasema.

"Una hakika?" Marko akauliza.

Isidori aliweka bega lake kwenye mlango, wa kwanza kabla ya wote. Ndipo wakaja wengine: madereva, makondakta, mashangazi, abiria wa basi kwa makumi yao, na yule wa plasta akaambiwa akae kando, akakaa kando akiwahesabia moja, mbili, tatu. Landrova ikakataa, ikakubali, ikaenda. Sauti iliyotoa ilipotua mtaroni ubavu ubavu Isidori haisimulii mpaka leo. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akadakia, na Isidori mwenyewe akajikuta anacheka huku machozi yakimtiririka, barabara ikiwa nyeupe mbele yake.

Lori la Mzee Lameck likasogezwa ukutani, Zita akapita, akaendesha kama ameiba. Isidori, Yonas na mashangazi walikaa juu ya magunia, wameshikana viuno, wakiimba kwa vipande kila pikapu ilipowarusha na kuwapokea. Kwenye shimo la kwanza kiatu kimoja cha msimamizi kilibaki nyuma. Kwenye la pili Shangazi Kornelia alipiga kigelegele kilichoanza angani na kumalizikia kwenye vitunguu. Isidori aligeuka mara moja tu kutazama nyuma. Kule kwenye kona Mzee Lameck alikuwa ameshateremka mtaroni, amekaa juu ya ubavu wa Landrova na kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyekuja kukaa. Hapo ndipo Isidori alipoelewa kwa nini utu unahitaji katibu: ili ukiondoka ujue nani amebaki. Akageuka mbele.

Waliingia uwanja wa kanisa saa saba kasoro dakika mbili. Padre alikuwa juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani, injini inanguruma, katekista ameshika mkoba wake. Watu wa Agatha walikuwa wamesimama makundi makundi wakizungumza kwa sauti za msibani. Agatha alikuwa kwenye ngazi.

Isidori akaruka kutoka juu ya magunia, tope mpaka magotini, harufu ya vitunguu saumu ikimtangulia. Agatha hakumtazama yeye kwanza. Alitazama nyuma yake, barabarani, akitafuta.

"Landrova iko wapi?" akauliza.

"Mtaroni."

"Imekushinda ikaingia?"

"Tumeisukuma. Bega la kwanza lilikuwa langu."

"Na nani yuko nayo?"

"Mzee Lameck na chama chake."

"Hao unaowacheka?"

"Haohao."

Agatha alikuwa amejiandaa na maneno ya kila aina, ya kumfukuza na ya kumsamehe, ameyapanga tangu saa nne. Hakuna hata moja lililofaa. Machozi yakamtoka, mbele ya ndugu zake ambao hawakuwa wamewahi kumwona akilia. Akajifuta kwa kiganja, akamshika Isidori mkono wenye grisi bila kujali gauni, na akageuka nyuma.

"Padre," akasema, "naomba uzime pikipiki."